Nungwi au Paje? Namna ya kuchagua pwani ya Unguja

Wifi yangu wa Tabata alinipigia simu akaniuliza swali ninaloulizwa na karibu kila anayevuka bahari kuja kwetu: "Wifi, tukija na watoto tufikie Nungwi au Paje?" Nami nikamrudishia maswali mawili. Mnakuja mwezi gani? Na siku mtakayofika, mwezi utakuwa wa ngapi? La kwanza alilijibu hapo hapo. La pili lilimnyamazisha kidogo, kisha akasema, "Mwezi huu wa angani?" Ndiyo, huo huo.

Nina sababu ya kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea shangazi yangu kutoka Morogoro na wajukuu zake wawili, watoto ambao walikuwa hawajawahi kutia mguu baharini. Tulitoka mjini asubuhi na mapema, tukafika Paje saa nne kasorobo. Yule mdogo alikuwa na boya la duara la rangi ya chungwa, keshalijaza upepo tangu tuko garini. Mbele yetu kulikuwa na mchanga mweupe, kisha vidimbwi, kisha vijiti vya mwani vimesimama wazi, na bahari yenyewe ilikuwa mstari wa povu kule mbali kwenye mwamba. Mtoto alitembea na boya lake karibu robo saa, maji hayajafika magotini, akarudi kuniuliza yamekwenda wapi. Yalianza kurudi wakati sisi tunakusanya viatu ili tuwahi boti ya alasiri. Siku ile ilikuwa mwezi 16. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nimezaliwa kisiwani na hesabu hii naijua, na sura ya yule mtoto bado ninayo.

Kwa hiyo ulinganisho wangu wa fukwe za Unguja hauanzi na hoteli wala picha. Unaanza na maji, unafuata upepo, halafu ndiyo tunataja majina ya mahali.

Maji na upepo

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana na bahari haiendi mbali. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali la maji tayari. Kuanzia mwezi 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17, ni bamvua: hapa Unguja maji huwa yamepwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na hujaa alasiri kuelekea jioni. Mwezi 7 hadi 9, na tena 21 hadi 23, ni maji mafu, nayo hujaa asubuhi, kabla au karibu na adhuhuri. Kila siku saa husogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi.

Hesabu hiyo haina uzito sawa kila upande. Pwani ya mashariki nzima, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, ina mwamba uliojipanga mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi. Maji yakipwa, eneo lote lile hukauka au hubaki vidimbwi. Kaskazini magharibi, upande wa Kendwa na Nungwi ya machweo, ufukwe huteremka haraka, kina kipo karibu, na unaweza kuoga saa yoyote. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya Nungwi na Paje, na ajabu ni kwamba wageni wengi huijua wakishalipa vyumba.

Upepo nao una zamu zake. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, kutoka kusini mashariki, na katikati yake ndipo penye kipupwe, baridi yetu ya Juni hadi Agosti. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kutoka kaskazini mashariki, na huja na joto. Kusi huupiga ufukwe wa Paje na Jambiani usoni, wakati Kendwa imejibanza nyuma ya kisiwa. Kaskazi hugeuza mambo: Matemwe, Kiwengwa na upande wa mashariki wa Nungwi hupata mawimbi, na Kizimkazi kule kusini magharibi hutulia kama sinia. Masika, Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na hoteli kadhaa hufunga. Bei hushuka, lakini mwenye siku tatu tu za likizo asizicheze hapo.

Nungwi na Kendwa

Nungwi iko ncha ya kaskazini kabisa, kama kilomita 60 kutoka mjini. Wanaoipenda wana haki. Maji yake ni ya samawati iliyokolea, unaingia baharini saa mbili asubuhi au saa tisa alasiri bila kuangalia kalenda, na jua huzama baharini mbele ya macho yako. Kwa watoto wanaojua kuogelea hakuna mahali pazuri zaidi kisiwani. Kwa watoto wasiojua, kina kile kile kinachosifiwa kinataka mtu mzima awe nao mkono kwa mkono, maana hatua chache tu maji yashafika kifuani.

Upungufu wake ni msongamano. Ufukwe umejengwa hoteli ubavu kwa ubavu, vijana wa kuuza safari za boti hukusalimia kila hatua, na muziki wa jioni husikika mbali. Kendwa, chini kidogo upande wa magharibi, ina mchanga mpana zaidi na watu wametawanyika, ila usiku wa mwezi mpevu huwa na sherehe kubwa ufukweni, na ngoma hulia mpaka alfajiri. Kijana anayeitafuta sherehe hiyo atafurahi. Mwenye mtoto mchanga au mzazi mgonjwa aupishe usiku ule.

Mimi Nungwi hunivuta kwa kitu kingine ambacho wageni hupita kando yake wakienda kuoga: mafundi wa vyombo. Hapa bado zinaundwa mashua na majahazi kwa mkono, ufukweni, bila mchoro wa karatasi. Mara ya mwisho nilikaa kwenye gogo nikamtazama mzee mmoja akitia kalafati. Alichukua pamba, akaisokota kwa viganja kama anayesokota utambi, akaichovya kwenye mafuta, akaiweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, kisha akaipigilia kwa patasi butu, tak, tak, tak, mpaka ikazama na ubao ukawa kama haujawahi kuwa na ufa. Pamba ile ndiyo inayozuia bahari isiingie. Nenda na watoto, salimia, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiruke juu ya mkuku, ule uti wa chombo, uliolazwa chini. Dakika 40 pale zinafundisha mengi.

Karibu na hapo, Mnarani, kuna dimbwi la asili linalojaa na kupwa pamoja na bahari, ambamo wanakijiji wamekuwa wakiwatunza kasa tangu 1993: waliojeruhiwa na nyavu, na wadogo wanaokuzwa kabla ya kurudishwa baharini. Nitakuja kuwalinganisha na kobe wa Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji, maana watu wengi huwachanganya.

Paje, Bwejuu na Jambiani

Upande huu uko kama kilomita 50 kutoka mjini, kusini mashariki. Ukiwa na kalenda mkononi, ni mzuri kwa namna ambayo Nungwi haiwezi. Maji yakijaa, eneo lote la ndani ya mwamba huwa bwawa la kijani kibichi, vuguvugu, la kina cha kiunoni kwa umbali mrefu. Mtoto asiyejua kuogelea yuko salama zaidi hapa kuliko Kendwa, mradi umefika saa ya maji. Yakipwa, pwani hugeuka shamba. Wanawake hushuka na vikapu, kamba na vijiti kulima mwani, kazi iliyoanza kwenye pwani hii mwaka 1989 na iliyowapa wanawake wengi fedha za mkononi mwao wenyewe kwa mara ya kwanza. Wengine wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba kwa chuma chembamba. Nimewasikia wageni wakisema "hakuna bahari" siku kama ile, na hunisikitisha, kwa sababu bahari ile ile ndiyo wakati huo inawapa watu riziki yao. Vaa viatu vya mpira, maana kuna miba myeusi mirefu kwenye majani ya chini, tembea na mwenyeji, na usikanyage kamba za mwani.

Paje yenyewe ni ya vijana na ya kaiti, vile vishada vikubwa vinavyomvuta mtu juu ya ubao. Bwawa la kina kifupi na upepo wa kusi, kisha wa kaskazi, vimeifanya kuwa moja ya pwani zinazojulikana duniani kwa mchezo huo. Juni hadi Septemba, na Desemba hadi Februari, anga hujaa rangi. Ni pazuri kutazama, ila si pa kuoga kwa utulivu: kamba za vishada hupita kichwani na ubao huja kwa kasi. Ukitaka Paje bila vishada, njoo miezi ya upepo mdogo, Machi au mwanzo wa Novemba, ukijua kuwa mvua nayo iko jirani.

Jambiani iko kusini ya Paje, mwendo wa dakika chache kwa gari, na mimi ndiyo huichagua. Kijiji kimekaa kando ya ufukwe kwa urefu, nyumba za wageni zimechanganyika na nyumba za watu, ngalawa zimeegeshwa mchangani, na asubuhi unanunua maandazi kwa jirani. Hapo pia kuna pango la Kuza, lenye maji baridi meupe ndani ya jiwe, la kukimbilia mchana wa jua kali wakati bahari iko mbali. Bwejuu, kaskazini ya Paje, imetulia kuliko zote tatu na ina minazi mingi. Anayetaka kusoma na kulala aende huko.

Nikiwekea mizani: kwa kuoga saa yoyote, Nungwi na Kendwa zimeshinda bila ubishi. Kwa kuona maisha ya pwani, Jambiani. Kwa machweo, kaskazini, na kwa macheo, mashariki, ambako jua huibuka baharini saa kumi na mbili na robo hivi, na watu pekee ufukweni ni wavuvi na wewe. Kwa mfuko mwembamba, gesti za Jambiani na Paje hutoa nafasi zaidi ya kuchagua kuliko Nungwi msimu wa watu wengi.

Matemwe, Kiwengwa, na Michamvi

Kaskazini mashariki sitakaa sana. Kiwengwa imejaa hoteli kubwa za mtindo wa kulipia kila kitu mapema. Anayetaka kutotoka getini itamfaa. Matemwe imetulia, mchanga wake ni laini kama unga, na sababu kubwa ya kufika huko ni Mnemba, kisiwa kidogo kilicho mbele yake. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi na huruhusiwi kutua, lakini mwamba unaokizunguka uko wazi kwa wageni wa boti, na tangu 2002 ni eneo la hifadhi. Ukiwa na miwani na mrija wa kupumulia unaona samaki wa kila rangi wakipita kati ya matumbawe chini yako. Nenda na chombo cha kwanza cha asubuhi, kabla boti za Nungwi hazijafika. Kumbuka kumuuliza nahodha jaketi za kuokolea kabla ya kulipa, na azioneshe. Ukitokea Matemwe siku ya bamvua, jiandae kutembea hadi chomboni.

Michamvi ni rasi ndefu inayoifunga ghuba ya Chwaka. Kwa kuwa upande wa Kae unatazama ghuba, yaani magharibi, ni mahali adimu mashariki ya kisiwa ambapo utaona jua likizama majini. Upande wa pili, Pingwe, ndipo palipo na ule mkahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini unaouona kwenye picha nyingi. Maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unapelekwa kwa kidau. Kwa picha, chagua saa ya kujaa.

Kizimkazi na Jozani

Hivi viwili viko kusini na mara nyingi huuzwa pamoja kama safari ya siku moja: pomboo asubuhi, msitu mchana. Mimi huvitenganisha, kwa sababu kimoja nakipendekeza kwa moyo wote na kingine kwa masharti.

Pomboo wapo kweli Kizimkazi, wa aina mbili, na ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997. Julai hadi Septemba hupita hata nyangumi. Lakini asubuhi niliyokwenda mimi, boti zaidi ya kumi ziliwazunguka pomboo watano, injini zinanguruma, manahodha wanapigiana kelele, wageni wanarukia majini juu ya migongo yao. Mmoja wa pomboo alikuwa na mtoto ubavuni. Kila alipoibuka kupumua, boti zikamgeukia. Nilimwomba nahodha wetu arudi nyuma, akasema wengine watalalamika. Sikufurahia hata dakika moja. Ukienda, tafuta nahodha atakayekubali kabla ya safari kuzima injini mbali na kungoja, asiyefukuza na asiyekuhimiza kuruka. Wapo. Kama humpati, fika Kizimkazi kwa ajili ya msikiti wa Dimbani. Kibla chake kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Bado ni nyumba ya sala: vua viatu, jistiri, uliza mwenye ufunguo. Nilipopitisha macho kwenye herufi zile nilifikiria fundi aliyezichonga miaka zaidi ya 900 iliyopita, na kazi yake haijafutika.

Jozani haina masharti. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, iko kama kilomita 35 kutoka mjini, na barabara ya Paje inapita mlangoni. Ndani yake anaishi kima punju, mnyama ambaye kiasili hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Mgongo wake ni mwekundu, uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe, na hana kidole gumba. Wakulima wa zamani walimwita punju, yaani mwenye sumu, wakiamini mti anaoula hufa. Nilimtazama mmoja akishuka mpaka kwenye tanuri la zamani la makaa, akachagua kipande, akakitafuna kama mtoto anavyotafuna muwa. Wataalamu wanasema mkaa huwasaidia kumudu sumu iliyo kwenye majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda. Waongozaji wa hifadhi watakuhimiza ukae mbali naye mita chache na usimlishe, na uwasikilize. Usiondoke bila kupita kwenye daraja la mbao juu ya mikoko. Ukilikuta wakati wa maji kujaa, mizizi yote imo majini na kaa hupanda juu ya vigogo.

Mwenye kitambulisho cha Mtanzania akichukue, maana kiingilio cha mwenyeji ni tofauti na cha mgeni.

Mjini, na visiwa vilivyo mbele yake

Wapo wanaoutumia mji kama mlango wa kupitia tu: boti, gari, pwani. Ni hasara. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na hata sisi tuliokulia humo bado tunapotea kwenye vichochoro vyake. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usipange siku kwa ajili yake. Panga siku kwa ajili ya mtaa wa Mkunazini. Kanisa la Anglikana lilijengwa pale palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Uani kuna shimo lenye sanamu tano za watu wamefungwa minyororo shingoni, na minyororo ni ya kweli. Watoto wa miaka kumi na zaidi waende, na mzazi awe tayari kujibu maswali. Siku hiyo hiyo usiwapeleke ufukweni mara moja baadaye. Waache wakae kwanza, wale, waulize.

Jioni ni Forodhani, bustani ya kando ya bahari, na hapa sina ulinganisho. Urojo, mishkaki, maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani. Ukiangalia chakula cha baharini kilichopangwa mezani, chagua kinachochomwa mbele yako, na uulize bei kabla ya kukaa.

Kutoka ufukwe wa mji kuna safari tatu za baharini, na watu huniuliza ipi. Changuu ndicho kisiwa cha kobe. Gereza lilijengwa miaka ya 1890, lakini jengo likatumika kama karantini. Kobe wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na baadhi yao wana zaidi ya miaka 100. Watoto wadogo huwapenda sana, kwa sababu kobe yule anakula jani mkononi mwako polepole na ana shingo ya ngozi kavu kama kiatu cha babu. Ukilinganisha na Mnarani: Changuu ni kobe wa nchi kavu, wageni wa kisiwa, na Mnarani ni kasa wa bahari yetu wenyewe. Mwenye nafasi ya kimoja tu, na analala kaskazini, Mnarani inatosha. Asiyetoka mjini, Changuu.

Nakupenda ni fungu la mchanga, si kisiwa. Linaibuka maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Hapa ile bamvua iliyotuharibia siku kule Paje inakuwa neema: mwezi 15 hadi 17, saa nne asubuhi, fungu liko wazi lote, jeupe, na maji ya kuzunguka ni kama kioo. Beba mwavuli au shuka ya kujifunika, maana hakuna hata mti mmoja.

Chumbe ni ya mtu anayependa bahari kwa dhati. Hifadhi yake ilianza 1994, uvuvi umekatazwa kwenye mwamba wake, na matumbawe yaliyoko hapo ni hai kuliko popote nilipoona karibu na mji. Kisiwani kuna mnara wa taa wa 1904 na kaa wakubwa wanaopanda miti. Wageni wanaopokewa kwa siku ni wachache na bei iko juu, lakini ukipata nafasi hutaisahau.

Kufika, na kitu kimoja cha njiani

Gari za shamba zina namba: 116 ni Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Ni rahisi na salama, ila husimama kila kijiji, na safari inaweza kuchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mkiwa wanne na mizigo, teksi ya kupatana inafaa zaidi.

Njia za kaskazini na kusini hazina vituo sawa. Ya kusini inapita Jozani. Ya kaskazini iko jirani na mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Usidhani kwa kuwa unapika pilau kila Ijumaa hakuna la kuona. Mwongozaji alipasua kungumanga mbichi mbele yangu: ganda la njano, ndani kokwa nyeusi inayong'aa, na juu ya kokwa basibasi imejizungusha kama lesi nyekundu ya damu. Nimeitumia jikoni miaka yote ikiwa kavu, rangi ya majani makavu, na sikujua ilianza maisha na wekundu ule. Kidichi pia kuna hamamu, yaani bafu, ya 1850 ambayo Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, na mapambo ya kuta bado yanaonekana.

Jingine: vijiji hivi vyote ni vya Waislamu. Nguo ya kuogea iishie ufukweni, njiani jifunge kanga. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya vijijini hufungwa mchana na muziki hupungua, lakini magharibi harufu za futari hujaa mitaani, na mgeni mwenye adabu hakosi kukaribishwa.

Nilichomshauri wifi

Anakuja Agosti, na mama yake ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili, mmoja anaogelea na mmoja bado. Ni kusi, kwa hiyo Paje kutakuwa na upepo mkali na vishada. Nimemwambia alale Kendwa, upande uliokingwa, hoteli ambayo chumba kiko karibu na mchanga na hakuna ngazi nyingi. Tukatazama kalenda: mwezi mpevu utakuwa umepita, hakuna sherehe. Mama asitembezwe kwenye mwamba wala asipandishwe boti ya Mnemba. Atakaa kivulini Mnarani na wajukuu wawatazame kasa. Kama wangekuja Februari ningewapeleka Kizimkazi na Jambiani badala yake, na kama wangekuja peke yao, yeye na kaka yangu bila watoto, ningewaambia Bwejuu na wazime simu.

Boti yao inafika mwezi 19. Siku ya tatu, mwezi 21, tutaondoka Kendwa na gari moja mapema, tupite mjini, tuteremke hadi Jambiani. Maji yatakuwa yanajaa kuelekea adhuhuri, kina cha kiunoni, na yule mdogo asiyejua kuogelea ataingia nayo pamoja na boya lake. Kurudi tutasimama Jozani.